Kitendawili au Fumbo? Uchambuzi wa Maoni ya Wachezaji Kuhusu Mchezo wa LIMBO

1.0 Utangulizi

Michezo ya video imejadiliwa zaidi katika taaluma za kompyuta, elimu na saikolojia kuliko katika taaluma za lugha na fasihi. Hata hivyo, baadhi ya michezo hiyo husimulia, na palipo na usimulizi pana hadhira inayopima na kuhukumu. Hukumu za hadhira hiyo ni data halali kwa mchunguzi wa lugha, kwani zinadhihirisha vigezo ambavyo mara nyingi mhukumu mwenyewe havitaji.

Makala haya yanachunguza maoni ya wachezaji kuhusu LIMBO, mchezo mfupi uliotolewa mwaka 2010 na Playdead, studio huru ya mjini Copenhagen, Denmark. Maoni hayo yamegawanyika. Wapo wanaouona mchezo huu kuwa kazi iliyokamilika, na wapo wanaouona kuwa kazi iliyokatizwa kabla ya wakati wake. Jambo la kuzingatia ni kwamba pande zote mbili hutaja sifa zilezile: ufupi, ukimya, kifo cha mara kwa mara na mwisho usioelezwa. Swali linalojitokeza ni hili: kwa nini sifa moja iwe uzuri kwa huyu na dosari kwa yule?

Hoja inayotolewa hapa ni kuwa tofauti hiyo haitokani na ladha pekee. Inatokana na tanzu mbili tofauti ambazo wachezaji huuweka mchezo huo ndani yake bila kutangaza. Uainishaji wa semi za Kiswahili, unaotenganisha kitendawili na fumbo, unatupatia istilahi faafu za kuieleza tofauti hiyo.

2.0 Mchezo Wenyewe

LIMBO ni mchezo wa majukwaa, yaani mchezo ambao mhusika huonekana kwa ubavu, naye hukimbia, huruka na kupanda akivuka mashimo na vizuizi. Utungaji wake uliongozwa na Arnt Jensen, aliyeianzisha Playdead pamoja na Dino Patti mwaka 2006. Ulitolewa kwanza kwa mashine ya Xbox 360 mwezi Julai 2010, kwa bei ya dola 15 za Marekani, na mwaka 2011 ukawafikia watumiaji wa PlayStation 3 na wa kompyuta za Windows.

Mhusika mkuu ni mtoto wa kiume asiye na jina, anayezinduka peke yake msituni. Picha zote ni za rangi nyeusi, nyeupe na kijivu. Mtoto mwenyewe ni kivuli chenye macho mawili meupe. Hakuna mazungumzo, hakuna msimulizi, wala hakuna maandishi ya kumwelekeza mchezaji. Sauti zilizotungwa na Martin Stig Andersen hazina wimbo wa kushikika. Ni mivumo na mingurumo ambayo haitengani kwa urahisi na upepo au mashine zinazoonekana. Mtoto hana silaha. Aweza kutembea, kuruka, kupanda na kushika vitu, basi. Kwa vitendo hivyo vichache anakabiliana na buibui mkubwa, watoto wengine wanaomwinda, na baadaye misumeno, sumaku na umeme. Wachezaji wengi huumaliza mchezo kwa saa chache.

Maelezo yaliyoambatana na mchezo ni sentensi moja tu: mtoto asiye na hakika ya yaliyompata dada yake anaingia Limbo. Neno hilo linatokana na Kilatini *limbus*, lenye maana ya pindo au ukingo, na katika mapokeo ya Kikatoliki lilihusishwa na mahali pa roho za watoto waliokufa bila ubatizo. Neno la Kiswahili linalolikaribia ni *barzakhi*, lakini maana zake hazilingani, kwa kuwa barzakhi huwangojesha wafu hadi siku ya kufufuliwa, ilhali limbo iliwahusu baadhi yao tu. Hata hivyo, maneno yote mawili yanachangia dhana ya *kati*, nayo ndiyo inayotawala mchezo mzima.

3.0 Kitendawili na Fumbo

Wanafasihi simulizi wa Kiswahili huviweka vitendawili na mafumbo katika kundi la semi. Kila kitendawili kina ufumbaji ndani yake, lakini si kila fumbo ni kitendawili. Kwa madhumuni ya makala haya, tofauti tatu zinatosha.

Kwanza, kitendawili kina jibu maalumu. Anayetegewa *nyumba yangu haina mlango* anatakiwa kusema *yai*. Jibu jingine, hata likiwa na busara, halikubaliwi. Pili, kitendawili kina makubaliano ya kijamii. Mteguaji akishindwa hutoa *mji*, na mtegaji akiisha kuupokea huwajibika kutoa jibu. Mtegaji anayechukua mji kisha akanyamaza amevunja kanuni. Tatu, kitendawili huisha. Kikishateguliwa, kwa mteguaji huyo hakina nguvu tena, na hadhira hudai kingine. Ndiyo maana vitendawili huhesabiwa: ubora wa kikao cha vitendawili hutegemea pia wingi wake.

Fumbo, kwa upande wake, halina jibu moja lililokubaliwa kabla. Hakuna mji unaotolewa na hakuna anayewajibika kulifumbua. Aidha, fumbo halimaliziki kwa kufasiriwa mara moja. Laweza kurudiwa na mtu yuleyule katika umri tofauti likazaa maana nyingine. Hivyo mafumbo hayahesabiwi. Hakuna anayelilaumu fumbo kwa ufupi wake.

LIMBO ina vyote viwili. Vizuizi vyake, kimoja kimoja, ni vitendawili: kila kimoja kina jibu maalumu ambalo mtungaji analijua. Lakini mchezo mzima, kwa jina lake, ukimya wake na mwisho wake, ni fumbo. Mgawanyiko wa wachezaji unafuata mpaka huu.

4.0 Uchambuzi wa Maoni

4.1 Ufupi na bei

Lawama iliyosikika sana mwaka 2010 ni kuwa saa chache za mchezo hazikustahili dola 15. Watetezi walijibu kuwa hakuna dakika iliyopotezwa. Pande hizi mbili hazipingani juu ya jambo moja. Wa kwanza wanahesabu vitendawili: vikiisha kuteguliwa, bidhaa imekwisha. Wa pili wanapima fumbo, ambalo kulirefusha ni kulidhoofisha. Ikumbukwe kuwa suala hili si geni. *Another World*, mchezo uliotungwa kwa sehemu kubwa na Éric Chahi peke yake na kutolewa Ufaransa mwaka 1991, nao ni mfupi na hauna maneno mengi, na ufupi wake ulitajwa kuwa kasoro. Pamoja na hayo, ungali ukikumbukwa baada ya michezo mingi mirefu ya wakati wake kusahaulika.

4.2 Kifo

Mtoto wa LIMBO hufa mara nyingi na kwa njia za kutisha. Mchezo hauhesabu nafasi za kuishi: akifa, hurudi karibu na pale alipofia. Wachezaji wengine huona huku ni kuadhibiwa bila kosa. Wengine huona ndiyo njia ya kujifunza. Hapa dhana ya mji inafafanua. Kifo ndicho mji anaoutoa mteguaji aliyeshindwa, na mchezo, baada ya kuupokea, hutoa sehemu ya jibu: sasa mchezaji anajua mtego ulipo. Mtego wa chuma unaomuua mtoto leo hutumika kesho kukata miguu ya buibui, na kiwiliwili cha buibui huyo hugeuka daraja. Mchezo wenyewe unakiri kanuni hii, kwani umetenga tuzo kwa anayeumaliza katika kikao kimoja akiwa amekufa mara 5 au pungufu. Tuzo hiyo haipatikani kwa wepesi wa vidole pekee. Humtaka mtu aliyekwisha kulipa miji yote.

Hata hivyo, lawama hii ina uzito ambao watetezi hawana budi kuukubali. Kitendawili halali hujengwa kwa vitu ambavyo mteguaji anavijua. Pale ambapo mitego miwili inayofanana inatenda kinyume, bila dalili yoyote ya kuitofautisha, mchezaji hana cha kutegua. Anatozwa mji kabla ya kutegewa. Katika sehemu kama hizo, analaumu kwa haki.

4.3 Nusu mbili za mchezo

Wachezaji wengi, wakiwemo wanaousifu mchezo, husema kuwa nusu ya kwanza inapita ya pili. Nusu ya kwanza ni ya msitu, buibui na watoto wenye uhasama. Ya pili ni ya kiwanda, magurudumu, sumaku na uvutano unaogeuzwa. Ugumu haujapungua, kwa hakika umeongezeka. Kilichopungua ni ufumbaji. Buibui ni kizuizi cha kuvukwa na vilevile ni hofu ya utotoni. Msumeno ni kizuizi tu. Kwa hiyo wanaopenda nusu ya pili aghalabu husifu werevu wa vizuizi vyake, na wanaopenda ya kwanza husifu hali ya kihisia inayowabakia baada ya kuzima mashine.

4.4 Mwisho

Mwishoni mtoto anatupwa, anapasua kioo kwa mwendo wa polepole, na anazinduka tena msituni. Anamfikia msichana aliyeketi kwenye nyasi. Msichana anashtuka na kuinua mgongo; skrini inakuwa nyeusi. Baadaye, picha ya ukurasa wa mwanzo inaonekana kuwa ni ya mahali palepale, pamechakaa, na nzi wanazunguka sehemu mbili.

Wapo wanaosema mtoto amekufa, wapo wanaosema dada ndiye aliyekufa, wapo wanaowataja wote wawili, na wapo wanaosema safari inajirudia bila kikomo. Mchezo hauthibitishi lolote. Mchezaji aliyekuja kutegua vitendawili anajiona amedhulumiwa: ametoa miji mingi njia nzima, na katika swali kubwa kuliko yote mtegaji amenyamaza. Malalamiko yake yana mantiki kamili ndani ya utanzu wake. Kosa lake ni moja tu, kudhani kuwa utanzu wa sehemu ndio utanzu wa kazi nzima.

5.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kuwa lawama nne zinazoonekana kutohusiana zina chanzo kimoja. Anayedai saa zaidi na anayedai jibu la mwisho wanadai kitu kilekile: kwamba kila kilichotegwa kiteguliwe, na vilivyotegwa viwe vingi. Anayeridhika na ufupi na ukimya amekubali kubaki na kitu ambacho hakitamalizika.

Matokeo haya yana maana mbili kwa wanafunzi wa uhakiki. Kwanza, kabla ya kukubali au kukataa tathmini yoyote, ni sharti utanzu unaodhaniwa na mtathmini ubainishwe. Bila hivyo, mjadala huwa ni wa watu wawili wanaopima kitambaa kimoja, mmoja kwa dhiraa na mwingine kwa mizani. Pili, istilahi za fasihi simulizi ya Kiswahili hazikukoma kufaa zilipoisha hadithi za jioni. Dhana ya mji imeweza kueleza tabia ya mchezo wa Kidenmarki wa karne ya 21 kwa usahihi ambao neno *ugumu* pekee lisingeufikia. Inafaa istilahi hizo zijaribiwe pia kwa michezo mingine isiyo na maneno, kama vile *Inside*, uliotolewa na studio hiyohiyo mwaka 2016, ili ukomo wake ujulikane.