KUPIMA KITU KWA PICHA



Picha inatuonyesha sura ya kitu, hilo kila mtu anajua. Lakini je, inaweza pia kutupa kipimo chake? Sisi wa mwaka wa sita tunajibu: ndiyo, ila kwa masharti mawili.

1. Kuona toka pande mbili. Mufunge jicho moja, munyooshe kidole mbele ya uso, kisha mubadilishe jicho. Kidole kinaruka, lakini ukuta wa mbali karibu hautikisiki. Kitu cha karibu kinahama sana, cha mbali kinahama kidogo. Kompyuta inafuata njia hiyo hiyo. Inapewa picha nyingi za kitu kimoja, inatafuta alama zinazoonekana katika zaidi ya picha moja, halafu kwa hesabu ya pembetatu inajua kila alama iko wapi. Alama maelfu zikikusanyika, tuko na umbo lenye urefu, upana na kina. Kwa hiyo kila picha irudie sehemu kubwa ya ile iliyotangulia. Wazo lenyewe ni la zamani: Mjerumani Albrecht Meydenbauer alilipata mwaka wa 1858, alipoponea chupuchupu kuanguka akipima kanisa kubwa la Wetzlar.

2. Kuwa na urefu unaojulikana. Umbo linaweza kuwa sawa kabisa, na ukubwa usijulikane. Katika picha, kijiwe cha mtoni kinaweza kufanana na mlima! Basi lazima tuweke rula kando ya kitu, ama tupime umbali kati ya kamera mbili.

Faida yake iko karibu nasi. Nani atashuka na mita ndani ya Nyiragongo kupima ziwa la moto? Watafiti walioandika mwaka wa 2017 waliweka kamera kwenye ukingo wa shimo, zikapiga picha kwa wakati mmoja. Wakaona uso wa lava unapanda na kushuka, na wakaweza kusema kwa mita ngapi. Bila urefu unaojulikana, wangesema tu "umepanda", basi. Ni kweli, kipimo hakizuii mlima. Tarehe 17 Januari 2002 lava iliingia Goma, na tarehe 22 Mei 2021 ikafika tena pembeni ya mji. Lakini anayelinda watu anahitaji kulinganisha jana na leo, na vitu visivyo na kipimo kimoja havilinganishwi.

ZOEZI. Hata bila kompyuta tunaweza kujaribu. Tupige vijiti viwili uwanjani, mita 10 kati yao. Toka kila kijiti tupime pembe kati ya kijiti cha pili na mti ulio mbali. Tuchore pembetatu ile katika daftari, sentimita 1 kwa kila mita 1, na tusome umbali wa mti. Kisha tuchukue kamba, twende kuhakikisha.