Toleo Lipi ni Halisi? Mgogoro wa Wapenzi wa Dungeons & Dragons

Makala haya yanachunguza mgogoro kuhusu matoleo ya Dungeons & Dragons, mchezo wa Marekani uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa mwaka 1974. Kila mchezaji huwa mhusika, msimamizi husimulia, na dadu huamua matokeo. Kitabu hutoa kanuni. Hadithi huzaliwa mezani.

Mwaka 2000, kampuni ya Wizards of the Coast ilitoa toleo la tatu pamoja na leseni iliyowaruhusu wachapishaji wengine kutumia kanuni zake za msingi. Toleo la nne, la 2008, lilibadilisha mno kanuni za mapigano. Wapinzani walidai kuwa lilidhoofisha usimulizi. Watetezi walijibu kuwa hatimaye askari alipata mbinu nyingi kama mchawi. Mwaka 2009, kampuni ya Paizo ilitumia leseni ile kuchapisha Pathfinder, na kanuni za awali zikaendelea kuishi kwa jina jipya.

Mgogoro huu una funzo kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi. Ngano haina toleo moja halisi, kwani kila fanani huiumba upya mbele ya hadhira. Vivyo hivyo, mchapishaji humiliki kitabu na jina, wala hamiliki utendaji. Hata hivyo, utendaji huhitaji watu. Mchezaji ambaye wenzake wamehamia toleo jipya hubaki na kitabu kizima, lakini hana wa kucheza naye. Ndiyo maana ubishi huwa mkali: kinachogombewa si kanuni, bali jamii yenyewe.