Magimbi Chini ya Migomba

*Bwana Mhariri, kihambani kwangu Kibosho nimepanda viazi vitamu chini ya migomba na mibuni. Majani yamesitawi, viazi hakuna. Je, ardhi imechoka? — Msomaji, Moshi*

Usihuzunike, ndugu msomaji, wala usiilaumu ardhi, kwani kiazi kitamu, kikikosa jua, aghalabu humaliza nguvu zake katika majani. Gimbi, ambalo majani yake mapana huridhika na nuru haba, ndilo lililostahimili kivuli cha vihamba vya Wachagga tangu zamani. Basi lipande kando ya mfongo, yaani mfereji wa maji, penye unyevu, mbali na mashina ya mibuni ili uchimbapo usikate mizizi ya kahawa, na utie samadi. Kiazi kikuu nacho hufaa, kikipata mti wa kuparamia. Majani ya magimbi yakitokwa na madoa yenye kuoza, mwite bwana shamba upesi, kabla hujamgawia jirani mbegu.