Matembezi Marefu ya Hisani: Maandalizi Huanzia Nyumbani



Wapendwa wasomaji wa ukurasa wetu wa afya, siku hizi parokia nyingi hufanya matembezi ya hisani. Vijana na wazazi hutembea kwa miguu kutoka parokia moja hadi nyingine, na waamini huwachangia ili lipatikane bati la zahanati, karo ya yatima au kitanda cha wodi ya wazazi. Wengine hutembea kwa hija. Kila mwaka kabla ya tarehe 3 Juni mahujaji hutembea siku nyingi kwenda Namugongo, Uganda, kuwaheshimu Mashahidi wa Uganda. Huku kwetu Geita, mgodi mkubwa wa dhahabu ulianzisha mwaka 2002 zoezi la kupanda Mlima Kilimanjaro ili kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya UKIMWI.

Jambo hili si geni kwa Watanzania. Mwezi Oktoba 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Lakini mwaka huohuo kijana Seti Benjamin, aliyekuwa katika matembezi ya kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam kwa nia hiyohiyo, alifariki kabla ya kufika. Tumkumbuke kwa heshima, na tukumbuke pia kwamba safari ndefu ya miguu si mchezo, hata kwa kijana.

Hisani isigeuke msiba. Haifai tukusanye fedha za kuwatibu wagonjwa, halafu tuzitumie kuwatibu watembeaji wetu wenyewe. Kwa hiyo mwezi huu tujifunze namna ya kujiandaa.

1. NANI AENDE, NANI AMWONE MGANGA KWANZA

Wengi wetu husema: "Mimi nimezoea kazi, sihitaji kupimwa." Ni kweli kwamba mama anayefuata maji mbali kila siku ana miguu imara. Lakini kutembea kilomita 5 kisha ukapumzika ni tofauti na kutembea kilomita 25 leo, na kesho tena, na keshokutwa tena. Wafuatao wasijiandikishe kabla ya kuonana na mganga:

(a) Wenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo. Baadhi ya vidonge vya presha huongeza mkojo, na mtu huishiwa maji upesi juani. Usiache dawa kwa uamuzi wako, bali muulize mganga.

(b) Wenye kisukari. Mwendo mrefu hushusha sukari mwilini. Mgonjwa akianza kutetemeka, kutoka jasho jingi na kuongea ovyo, apewe sukari, soda au pipi mara moja iwapo anaweza kumeza. Tena kisukari huweza kufisha hisia za nyayo, hata mtu akachomwa na kijiwe kutwa nzima asijue. Kidonda kidogo cha namna hiyo kinaweza kuishia kwa kukatwa mguu.

(c) Wenye selimundu. Kanda yetu ya Ziwa ni mojawapo ya sehemu za nchi zenye watoto wengi wenye ugonjwa huu. Uchovu, kiu na baridi ya usiku huamsha maumivu makali ya mifupa na kifua. Mwenye selimundu asitembee safari ndefu.

(d) Waliofanya kazi ya kuchimba na kusaga mawe ya dhahabu. Hapa nawaomba vijana wa Katoro, Kahama na kwingineko wanisikilize vizuri. Mtu mwenye mikono ya kupasua mwamba anaweza kuwa na mapafu yaliyoharibika. Vumbi la mawe hukaa ndani ya mapafu na kuyafanya magumu, na madhara hayo hayana dawa ya kuyaondoa. Vumbi hilo pia hufungua mlango kwa kifua kikuu. Ukiona wenzako wanapanda kilima wakizungumza nawe unahema, au ukiwa na kikohozi cha majuma mawili au zaidi, nenda ukapimwe makohozi. Usipopata faida nyingine katika matembezi haya, hiyo yatosha.

(e) Akina mama wajawazito, wenye pumu, wenye kifafa, na waliougua malaria au homa nyingine katika majuma mawili yaliyopita.

Anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI anaweza kutembea kama afya yake ni nzuri na mganga ameridhia. Achukue dawa za safari nzima na siku chache za ziada, na azimeze kwa saa zilezile.

Aliyeambiwa asiende asione aibu. Kuna kazi ya kupika, kuandaa maji, kutunza fedha na kuwapokea wageni. Hisani ni moja.

2. MAJUMA MANANE YA MAZOEZI

Mwili haufundishwi kwa siku moja. Misuli, mishipa na ngozi ya nyayo vinahitaji muda. Kwa safari ya kilomita 25 kwa siku, anza miezi miwili kabla:

Juma la 1 na la 2: tembea kilomita 4 siku tatu za juma, na kilomita 8 siku ya Jumamosi.

Juma la 3 na la 4: kilomita 6 siku tatu, na kilomita 12 Jumamosi.

Juma la 5 na la 6: kilomita 8 siku tatu, na kilomita 16 Jumamosi.

Juma la 7: tembea kilomita 18 hadi 20 kwa siku mbili mfululizo. Hili ndilo jaribio lenyewe. Siku ya pili itakueleza ukweli wa miguu yako.

Juma la 8: tembea kidogo tu, lala vya kutosha, kula vizuri.

Mwendo uwe wa kuweza kuzungumza. Ukishindwa kumaliza tesbihi kwa sauti kwa sababu ya kuhema, umezidisha kasi. Na asiyekuwa na nafasi ya mazoezi kwa sababu ya kazi aache kupanda pikipiki kwenda sokoni au kanisani, atembee.

3. TUNZA MIGUU KAMA MTOTO MCHANGA

Watembeaji wengi hushindwa kwa sababu ya malengelenge, wala si kwa kukosa nguvu. Lengelenge hutokana na vitu vitatu: msuguano, joto na unyevu. Ukipunguza hivyo, umelizuia.

Usivae kiatu kipya siku ya safari, hata kama umepewa zawadi kwa ajili ya matembezi. Vaa kiatu ulichofanyia mazoezi, chenye nafasi mbele ya vidole, kwa maana miguu huvimba mchana. Mwenye kuzoea katambuga atembee na katambuga zake, mradi kamba zisimkate. Kandambili hazifai kwa safari ndefu. Chukua soksi jozi tatu zisizo na matundu, na ubadilishe zikilowa. Kata kucha siku chache kabla, kwa kunyoosha. Paka mafuta ya mgando katikati ya vidole, kisiginoni na katikati ya mapaja.

Ukisikia sehemu ya mguu inawaka, simama hapohapo, usingoje kituo. Kausha mguu na ubandike plasta. Lengelenge dogo usilipasue. Kubwa lenye kuuma sana litobolewe pembeni na mhudumu wa afya kwa sindano safi, maji yatoke, na ngozi ya juu iachwe kama kifuniko. Mwenye kisukari asitobolewe barabarani, apelekwe zahanati.

4. MAJI, CHUMVI NA CHAKULA

Katika Biblia tunasoma habari za nabii Elia, aliyelala chini ya mti akiwa amechoka na kukata tamaa. Malaika hakumhimiza kuondoka upesi. Alimwamsha ale na anywe, akamwacha alale, akamwamsha ale tena, ndipo Elia akaweza safari ya siku arobaini. Basi tusijifanye hodari kuliko nabii.

Kunywa kidogo kidogo kila unapoona kiu. Juani watu wengi huhitaji karibu nusu lita kwa saa. Angalia mkojo: ukiwa wa njano iliyokolea, ongeza maji. Lakini usijilazimishe kunywa maji matupu kupita kiasi, kwa kuwa hilo nalo hupunguza chumvi ya damu na kuleta kichwa kuuma, kutapika na kuchanganyikiwa. Baada ya jasho jingi kunywa maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Usizidishe chumvi.

Kwa chakula hatuna haja ya vitu vya dukani. Uji asubuhi, kisha michembe au matobolwa na karanga mfukoni, ndizi, na jioni ugali na dagaa au maharage. Wazee wetu wa Usukuma walisafiri mbali kwa chakula hichohicho. Usitembee safari ndefu ukiwa umefunga. Kama ni Kwaresima, zungumza na paroko wako kuhusu sadaka nyingine. Pombe iachwe kabisa siku za safari.

Sasa nataja hatari mbili za maeneo yetu ambazo watembeaji huzisahau.

Ya kwanza ni maji ya machimboni. Usinywe wala usichote maji ya madimbwi na vijito vilivyo karibu na makarasha na mialo ya kuoshea dhahabu. Huenda yana zebaki au sainaidi. Kuchemsha huua vijidudu vya kuhara, lakini hakuondoi zebaki. Bebeni maji kutoka mahali panapoaminika.

Ya pili ni maji ya ziwa. Mtu anayepita kandokando ya ziwa, miguu ikiwaka moto, hutamani kuitumbukiza majini. Usifanye hivyo! Viini vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi nzima bila kuuma. Utapoza nyayo leo, na baadaye uharibu ini au kibofu. Poza miguu kwa maji ya bomba au ya kisima kirefu.

5. JUA NA BARABARA

Ondokeni kunapopambazuka, yapata saa 12:30 asubuhi. Saa 5 mtafute kivuli mpumzike, na msiendelee mpaka saa 9:30 alasiri. Vaeni kofia pana au kanga kichwani, na nguo nyepesi.

Mtu akipata kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza, alazwe kivulini, anyweshwe maji ya chumvi na sukari. Lakini akianza kupayuka, kuyumba kama mlevi au kuanguka huku mwili ukiwa moto sana, hiyo ni hatari ya kifo. Mmwagieni maji mwili mzima papo hapo, mpepeeni bila kuacha, na mtafute gari la kumpeleka hospitali. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Jihadharini na vidonge vya maumivu. Dawa kama diklofenaki na brufeni, zikimezwa na mtu aliyepungukiwa maji, zinaweza kuumiza figo. Goti likiuma sana dawa yake ni kupumzika.

Barabarani tembeeni upande wa kulia ili muyaone magari yanayowajia, kwa mstari mmoja, mkiwa na nguo za rangi ya kung'aa. Mwenye bendera atangulie na mwingine afunge safu. Msitembee usiku, maana malori na pikipiki hazitawaona. Taarifa itolewe mapema kwa polisi, serikali za vijiji na zahanati za njiani. Mlalapo, kila mtu awe na chandarua.

6. MWENYE MWENDO MDOGO ATANGULIE

Kikundi kimoja hugawanyika kwa urahisi: hodari mbele, wachovu nyuma peke yao, na aliye nyuma ndiye huanguka bila mtu kumwona. Wekeni wawili wawili, kila mmoja amchunge mwenzake. Mwenye mwendo mdogo awekwe mbele aongoze kasi. Chagueni pia mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "huyu apande gari", na akisema hivyo asibishiwe hata na mwenyekiti. Mwenda pole hajikwai.

Aliyeacha njiani kwa sababu ya afya hajapoteza mchango wake. Waamini walichanga kwa ajili ya yatima na wagonjwa, na fedha hiyo ni halali hata kama miguu imeishia nusu ya safari.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu, ni nani hajawahi kupima presha au sukari? Tutamsaidiaje apimwe kabla ya matembezi?

2. Je, tunawajua vijana wetu wanaokohoa baada ya kazi ya machimboni? Nani atakwenda kuzungumza nao?

3. Njia tutakayopita ina visima salama vingapi, na viko wapi?

Mungu awabariki, awalinde njiani na kuwarudisha nyumbani salama.