Mraba Mmoja Haumfuniki Mtoto

SOMO LA VIKUNDI VYA NYUMBANI
Maandiko ya kusoma: Matendo ya Mitume 9:36-42, 2 Wakorintho 8:1-15, Kutoka 22:26-27



Kuanzia Juni hadi Agosti, usiku wa huku Kigoma una baridi, na mtoto mchanga hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima. Kwa hiyo sisi akina mama wa kanisa hukutana kila Alhamisi baada ya maombi, tukafuma kroshia mablanketi ya watoto wanaozaliwa hapa kambini na vijiji vya jirani. Baadhi yetu tulivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, wengine tulitoka Burundi mwaka 2015. Vitu tuliviacha, lakini mikono tulikuja nayo.

1. Kazi yenyewe inatufundisha

Kila mama hufuma mraba wa sentimeta 15 kila upande. Miraba 25 ikiunganishwa, mitano kwa mitano, tunapata blanketi la sentimeta 75 kila upande. Mraba mmoja haumfuniki mtoto.

Blanketi letu la kwanza lilikwenda upande. Mmoja alikaza uzi, mwingine aliulegeza, miraba ikakataa kulingana. Tukakata vijiti vya kipimo, kila mama na chake, na ubishi wa nani fundi zaidi ukaisha. Pia tunafuma matundu madogo, kwa sababu makubwa hunasa vidole vya mtoto. Tunapomkabidhi mama blanketi, tunamkumbusha: mtoto akaushwe kwanza, alazwe kifuani pake ngozi kwa ngozi, avalishwe kofia, ndipo blanketi lije juu, uso ukiwa wazi.

2. Mfano wa Dorkasi

Maandiko hayatuelezi kama Dorkasi wa Yafa alikuwa na mali. Yanatuonyesha kazi ya mikono yake. Alipokufa, wajane walimpokea Petro wakilia, wakamwonyesha mavazi aliyowashonea. Ushuhuda wao ulikuwa mikononi mwao.

3. Kosa letu

Dada mmoja alifuma nasi miezi mitatu. Alipougua tulikwenda kumjulia hali, tukakuta mtoto wake amefunikwa kitenge kimoja tu. Miraba yake ilikuwa imewafunika watoto wa wengine, naye aliona haya kuomba. Sisi tuliona haya zaidi. Tulikuwa tumewahesabu wahitaji wa mbali, tukamsahau aliyeketi nasi mkeka mmoja.

Ndugu, Paulo anawasifu Wamakedonia kwa kuwa walitoa wakiwa maskini. Lakini katika sura hiyohiyo, mstari wa 13 na 14, anasema hataki wengine wapate nafuu na wengine walemewe, anataka usawa. Na katika Kutoka, Mungu anaamuru vazi lililowekwa rehani lirudishwe kabla jua halijazama, maana maskini hana kingine cha kujifunika. Mungu wetu anajali mtu atalala na nini.

Tangu siku hiyo, kabla ya kutoa blanketi tunaulizana kwanza sisi kwa sisi, kwa faragha, ili mtu asiaibike. Kisha tunampa mama yeyote aliyejifungua hana kitu, awe Mkongo, Mrundi au mwenyeji. Hatuulizi kabila lake wala ndugu zake walikuwa upande gani vitani. Kwa baadhi yetu jambo hili ni gumu, maana tumezika watu wetu. Lakini mtoto aliyezaliwa jana hakumfukuza mtu kwake.

Maswali ya kujadili

1. Je, katika kikundi chetu yupo anayetoa huku nyumbani kwake hamna? Tutamjuaje bila kumwaibisha?
2. Tumezoea kupanga mstari na kupokea. Kutoa kunabadili nini ndani yetu?
3. Ni mtoto wa nani ambaye ingetuwia vigumu kumfunika? Tumwombee leo kwa kumtaja.

Maombi

Tuwaombee akina mama watakaojifungua mwezi huu, na wakunga wanaowahudumia. Tumwombe Mungu nyuzi, na mioyo iliyo tayari kuunganishwa. Asiye na sindano ya kroshia aje vilevile. Kuna miraba ya kuunganisha, na kuna watoto wa kushika wakati mama zao wakifuma.

Bwana awabariki na kuwalinda.