Uliza Kwanza Mti Uko Wapi

Mdogo wangu, njoo tukae. Najua umeutazama ule mchoro wa Camille Pissarro ukasonya: "Shamba tupu, limechafuka rangi, ndiyo nini?" Usione haya, hukuanza wewe. Mchoro huo wa 1873, Gelée blanche, yaani umande ulioganda, ulitundikwa Paris 1874 katika maonyesho ya kwanza ya kundi la wachoraji walioitwa Waimpresionisti. Mhakiki Louis Leroy akaukejeli gazetini, akaufananisha na makwangua ya ubao wa rangi yaliyobandikwa kwenye turubai chafu. Mtu mzima yule, na bado ulimi ulitangulia macho.

Hebu rudi nyuma hatua mbili tatu, utulie. Ni asubuhi ya baridi karibu na Pontoise, Ufaransa. Mzee anapita njia ya Ennery, kuni mgongoni. Umemwona? Shamba limelimwa, baridi imelipaka weupe. Na hiyo michirizi unayoiita uchafu ni vivuli vya miti. Sasa nionyeshe miti yenyewe. Haimo! Imesimama nje ya mchoro, vilivyoingia ni vivuli vyake tu. Hata Castagnary, mhakiki aliyewatakia mema wachoraji hao, alilihesabu hilo kuwa kosa. Kwangu mimi, hilo ndilo lililonifanya nikuite.

Maana ndivyo tunavyoishi, mdogo wangu. Mama amerudi jioni kanuna, nawe umemjibu mkato. Rafiki hapokei simu, umeshamwita mwenye maringo. Kivuli umekiona, mti hujauona. Labda kafiwa, labda kodi imemshinda. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nami nimewahi kuropoka hivyo, nikalala nalia, kwa sababu neno likishatoka halirudi. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Usijidanganye kwamba aliyekejeliwa atasahau tu. Pissarro alivumilia: maonyesho ya kundi lile yalikuwa manane, ya mwisho 1886, na ni yeye peke yake aliyeshiriki yote. Lakini si kila mtu ana moyo ule. Unayemcheka leo huenda akaweka brashi chini asiishike tena, na hutajua umezima nini.

Basi, kipenzi changu, leo mama akirudi kimya, usimhukumu. Nenda mlangoni, mpokee mzigo. Akishakaa akapumua, ndipo umuulize, tena kwa sauti ya chini.