Kinachomwinua Mtu Kimaisha: Mafunzo kutoka Ramisi na Jirani Zake

Mchumia juani hulia kivulini. Ndivyo watoto wa pwani wanavyofunzwa, na hakuna anayebisha kwamba mvivu hafiki mbali. Lakini anayetaka kujua kama jasho peke yake linatosha, na aulizie Ramisi, katika Kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya.

Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilianza miaka ya 1920, na mashamba yake ya miwa yakahitaji mikono mingi. Waliofanya kazi humo na katika mashamba ya mkonge ya Kwale hawakuwa wenyeji pekee. Walikuwamo Wamakonde kutoka Msumbiji, ambao wakoloni Waingereza waliwachukua kama vibarua tangu miaka ya 1930. Walikata miwa, wakachonga mpingo, wakaoa na kuozesha, wakapata wajukuu na vitukuu papo hapo. Mwaka 1988 kiwanda kikafungwa na mishahara ikakatika kwa wote. Tofauti ni kwamba mwenye kitambulisho aliweza kwenda kutafuta kazi kwingine. Wamakonde wengi hawakuwa nacho.

Hati kwanza

Nchini Kenya, asiye na kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake. Hawezi kufungua akaunti benki, kuandikisha shamba, wala kuajiriwa kazi ya mkataba. Mchongaji wa Kimakonde aliyeuza kinyago Diani, akilipwa kwa simu, pesa ziliingia kwenye laini ya rafiki au jirani, naye akabaki kungoja hisani ya mwenye laini. Watoto waliozaliwa bila cheti cha kuzaliwa walirithi tatizo lile lile.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 iliwafungulia njia wasio na uraia waliokuwa nchini kabla ya Uhuru, pamoja na vizazi vyao. Hata hivyo miaka ilipita bila hati kutoka. Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale, wakiungwa mkono na watetezi wa haki, walifunga safari ya kwenda Ikulu Nairobi kudai haki yao. Rais Uhuru Kenyatta aliagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha, na Februari 2017 wakaanza kuvipokea. Leo wanahesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa pwani, ambao nao hawakuwa na uraia, na wengi wao ni wavuvi waliosumbuka kwa kukosa leseni za kuvua, walipata zamu yao Julai 2023 chini ya Rais William Ruto.

Hapa pana jambo la kupima. Wamakonde hawakuwa wavivu Desemba 2016 kisha wakawa wachapakazi Februari 2017. Bidii ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa mtu aliweza kuweka akiba kwa jina lake, kukopa kwa jina lake na kulipwa kwa jina lake.

Afya na kusoma

Mafanikio ya mtu mzima huanza kujengwa akiwa bado darasa la kwanza, na ushahidi wa jambo hili umepatikana hapa hapa Kenya. Kule Busia, watafiti Michael Kremer na Edward Miguel walifuatilia watoto waliopewa dawa za minyoo shuleni kuanzia mwaka 1998. Matokeo ya miaka 20 baadaye, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalionyesha kwamba waliopata dawa kwa miaka miwili au mitatu zaidi ya wenzao walikuwa na mapato ya juu kwa asilimia 13 kwa kila saa ya kazi. Kidonge cha bei ndogo kilifanya kazi ambayo mahubiri ya bidii yasingeweza kuifanya.

Kwale nayo ina hesabu zake. Kati ya 2015 na 2017, utafiti uliofanyika katika kaunti hii ulilinganisha njia za kupambana na minyoo ya safura. Pale watoto wa shule pekee walipopewa dawa, takriban watu 14 katika kila 100 walikutwa bado wana minyoo hiyo mwishoni. Pale dawa zilipopelekwa nyumba kwa nyumba kwa watu wa rika zote, mara mbili kwa mwaka, walibaki takriban 6. Kwa hiyo mhudumu wa afya ya jamii akibisha hodi na dawa, mama, baba na nyanya nao wameze.

Utafiti mwingine, wa kuanzia mwaka 2010, ulihusisha shule 101 za msingi za Kwale na Msambweni. Kuwapima na kuwatibu watoto malaria shuleni kila muhula hakukuleta tofauti iliyotarajiwa katika afya wala masomo. Walimu wa madarasa ya chini waliofundishwa mbinu za kusomesha herufi na sauti, kisha wakatumiwa ujumbe wa simu wa kuwakumbusha kila wiki, walileta matunda. Wanafunzi wao walisoma vizuri zaidi, na walioacha shule walipungua kutoka asilimia 5.3 hadi 2.1. Nia njema ilikuwapo pande zote mbili. Kilichozaa matunda ni kumwezesha mwalimu.

Watu walio karibu nawe

Ukitoka Ramisi kuelekea Vanga, njia ya kushoto inashuka hadi Kibuyuni, kijiji cha wakulima wa mwani. Wengi wao ni wanawake. Maji ya bamvua yakitoka, huingia ufukweni na vigingi, kamba na mbegu, wakafunga kila tawi kwa uzi mmoja mmoja. Baada ya wiki sita hivi wanavuna, wanaanika juu ya chanja, na wakusanyaji wanakuja kupima kilo. Kilo nane za mwani mbichi hutoa takriban kilo moja kavu, kwa hiyo anayeuza peke yake hana sauti mbele ya mnunuzi. Kwa kukaa pamoja kama kikundi, wakulima wameweza kukusanya mzigo wa kutosha kuuza kwa jumla, na pia kutengeneza sabuni na bidhaa nyingine za mwani wenyewe.

Upande wa Gazi, wakaazi wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza hewa ya kaboni mwaka 2013 na kutunukiwa Tuzo ya Ikweta mwaka 2017. Matumizi ya fedha zinazopatikana huamuliwa na wanakijiji wenyewe: maji ya bomba, vifaa vya shule, miche ya mikoko. Hakuna mtu mmoja wa Gazi ambaye angeweza kuuza hewa hiyo akiwa peke yake.

Ng'ambo nako wameona hivyo hivyo. Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani kimefuatilia maisha ya watu tangu mwaka 1938. Kilichojitokeza kwa nguvu ni kwamba wenye uhusiano mwema na jamaa na marafiki ndio waliozeeka wakiwa na afya na furaha zaidi, kupita waliotegemea mali au umaarufu.

Usitegemee mwajiri mmoja

Kufungwa kwa kiwanda cha Ramisi mwaka 1988 hakukuwa kwa mwisho. Mgodi wa Base Titanium, ulioanza kusafirisha madini ya Kwale mwaka 2014, ulimaliza uchimbaji Desemba 2024, na ajira zake zikaondoka nao. Kilimo cha miwa kilirudi Ramisi chini ya kampuni mpya, lakini anayekumbuka historia hii hawezi kuweka tegemeo lake lote mahali pamoja.

Kinga iliyo karibu na kila nyumba ni chama cha kuweka na kukopa. Wanachama hukutana kila wiki, wananunua hisa kwa kiasi wanachomudu, na pesa zinahesabiwa mbele ya wote. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Mkopo huandikwa kitabuni, na mwisho wa mwaka kila mtu hupokea mgao kulingana na hisa zake. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza pia kuomba fedha za Mfuko wa Wanawake au Mfuko wa Uwezo, na kampuni za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu zimetengewa asilimia 30 ya zabuni za serikali.

La kufanya sasa

Mtoto akizaliwa, mwandikishe apate cheti cha kuzaliwa mapema. Mwenye mwanafunzi wa darasa la chini na amwombe amsomee ukurasa mmoja kila jioni. Mtoto asipoweza, mzazi azungumze na mwalimu mapema kabla muhula haujaisha. Asiye na chama na atafute kinachoonyesha hesabu zake waziwazi. Na nyumba yenye kijana aliyetimiza miaka 18 bila kitambulisho imsindikize kwa chifu wiki hii, kwani bila hati hiyo juhudi zake nyingine zote zitakwama.